Nimesoma daftari la baba, nimwambie nani?

Shikamoo mama mshauri.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili na ninaishi Mwanza. Kwetu ni Muleba, mkoani Kagera. Naomba usiandike jina langu wala la kijiji, maana baba yangu anajulikana. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi miaka mingi mpaka alipostaafu mwaka 2015, na hadi leo akipita njiani watu wazima wenye mvi wanashuka kwenye baiskeli kumwamkia.

Katika maisha yangu yote sijawahi kumsikia baba akimwomba mtu radhi. Nikiwa darasa la pili zilipotea hela za mchango wa shule pale nyumbani. Baba alimchapa kaka mpaka mama akaingilia kati. Siku mbili baadaye hela zikaonekana kwenye mfuko wa koti la baba mwenyewe. Hakusema neno. Kesho yake kaka aliamka akakuta viatu vipya mlangoni pa chumba chake. Ndiyo namna yake. Mpaka leo kaka anasema vile viatu vilimuuma kuliko fimbo.

Baba na mama walituzaa wawili, kaka na mimi. Wa tatu ni mdogo wetu, ambaye aliletwa. Baba alikuwa na mdogo wake wa mwisho, kijana wa miaka 23, aliyekufa kwenye ajali ya meli ya MV Bukoba Mei 1996. Mwili wake haukupatikana. Mwaka uliofuata alikuja bibi mmoja wa kijiji cha jirani, amebeba mtoto mchanga ndani ya khanga, akasema huyu ni wa marehemu, binti yangu amezaa naye. Mama anasema baba hakuuliza hata swali moja. Alimpokea mtoto, akampa jina la babu, yakaisha.

Kwa watu hayakuisha. Kijijini walisema mtoto ni wa Mwalimu mwenyewe, kamsingizia marehemu kwa kuwa marehemu hawezi kukana. Maneno yakamfika mama. Mama alimuuliza baba mara moja tu. Baba akamjibu, "Nyumbani kwangu siulizwi." Tangu siku hiyo mama akahamia chumba chetu cha wasichana, na huko ndiko analala mpaka leo. Mimi nilikua nikidhani mama zote hulala na binti zao.

Mdogo wetu alilelewa kama yai. Hakuchapwa hata siku moja. Alisomeshwa shule ya bweni, akaenda chuo, leo ni mhasibu Dodoma. Kaka alifeli kidato cha nne na baba akakataa kumlipia arudie mtihani. Halafu kaka ni mashoto. Ukimpa kaka kitu anapokea kwa mkono wa kushoto kabla hajajikumbuka. Baba alikuwa anampiga rula kwenye vidole vya mkono huo, mezani, mbele ya wageni, miaka na miaka. Mwaka 2016 waligombana, kaka akaondoka na begi moja. Sasa anaendesha lori, makazi yake Kahama, na hajakanyaga nyumbani miaka kumi. Baba hamtaji kwa jina. Akilazimika anasema "yule wa barabarani".

Januari baba alipata kiharusi kidogo. Namshukuru Mungu anatembea, ila ulimi umekuwa mzito. Nilikwenda kumuuguza wiki tatu. Siku moja alinituma nikamtolee kadi ya bima kwenye sanduku lake la bati, lile ambalo hata mama hajawahi kulifungua. Chini ya vyeti nikakuta kaunta buku la zamani, jalada limeliwa na mende. Nikafungua, mama mshauri. Najua sikupaswa.

Kila mwaka kuna mstari mmoja. "21 Mei 1998. Mvua asubuhi. Sijakwenda." "21 Mei 1999. Jua. Sijakwenda." Namna hiyo mpaka mwaka jana. Mwaka 2006 peke yake ndio una ukurasa mzima. Ameandika kwamba baba mdogo alipompa ujauzito yule binti alitaka kwenda kwao kujieleza na kumchukua. Baba akamkatalia, akamwambia hutalipaka matope jina la Mwalimu. Akamtafutia kibarua kwenye kiwanda cha samaki Mwanza ili apotee machoni pa watu kabla tumbo halijaonekana. Baba mdogo alikuwa anaogopa maji tangu utoto, akaomba apite barabarani. Baba akamwambia kama ni mwanaume apande meli. Akamkatia tiketi ya daraja la tatu yeye mwenyewe, akamsindikiza mpaka bandari ya Kemondo. Mistari ya mwisho nimeikariri: "Alinipa mkono wa kushoto, wa kulia umeshika sanduku. Sikuupokea. Nikamwambia kajifunze adabu kwanza. Nikageuka."

Nilirudisha daftari, nikampelekea kadi yake, nikaenda kulia migombani.

Sasa kuna jambo linanikosesha usingizi. Baba ameita wazee wa ukoo wiki ya pili baada ya Pasaka. Anataka kumkabidhi mdogo wetu kibanja kikubwa, yaani shamba letu la migomba, pamoja na nyumba, akiwa hai. Kaka hakutajwa. Mama ameinamisha kichwa tu, anasema "acha ampe mwanawe". Mdogo wetu mwenyewe ananipigia simu usiku, hataki kibanja, anaogopa kukataa.

Nimwambie mama kwamba miaka yote hii amemdhania baba jambo ambalo hakulifanya? Nimpigie kaka? Nimkabili baba mgonjwa? Au nirudishe kimya nilikokitoa, kama nilivyorudisha daftari?

Binti wa Muleba

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale pale bandarini Kemondo, kwenye ule mkono wa kushoto. Nimejaribu kumwona yule kijana: usiku unaingia, watu wanasukumana na mikungu yao ya ndizi, sanduku zito kwenye mkono wa kulia, naye ananyoosha mkono ulio huru. Na kaka yake, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, anauangalia ule mkono na kuona utovu wa adabu.

Nianze na wewe kabla ya baba. Ulifungua kisichokuwa chako, nawe umekiri, kwa hiyo sitakusimanga. Lakini hutaweza kuyafanya haya kwa kujificha. Usimtegee baba yako maswali ya kuzunguka ili ajikwae mwenyewe, na usimpelekee mama habari kama vile umeziokota kwa shangazi zako. Popote utakapoanza, anza na "nimelisoma daftari". Nyumba yenu imeshashiba mambo yanayojulikana chini kwa chini.

Sasa baba. Ninavyomwelewa, ana madeni mawili na ameyachanganya.

Deni la kwanza ni kifo cha mdogo wake. Hilo amelibeba miaka 30, na nataka umwambie mtu wa kwanza atakayekusikiliza kwamba si lake. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka ule tunakumbuka. Meli ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikapinduka asubuhi ya Jumanne tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Makadirio ya waliokufa yanafika hadi watu 1,000. Ilipokuwa imelala kifudifudi, watu walio hai ndani walisikika wakigonga bati. Bati likatobolewa, hewa iliyokuwa inaishikilia meli juu ikatoka, ikazama nao. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Mimi nilikuwa na jirani aliyekaa na redio sikioni siku zote tatu akisubiri jina, na nadhani baba yako naye alikaa hivyo, akijua kwamba tiketi aliyoikata kwa mkono wake ni ya daraja lisiloandikwa majina.

Wapo waliojaza meli kupita kiasi, wapo waliotakiwa kukagua, wapo waliotakiwa kujua namna ya kuwaokoa watu. Mwalimu wa shule ya msingi kutoka Muleba hakuwa mmoja wao. Mamia ya watu walipanda meli ile kwa sababu kaka, mume au mama aliwaambia wapande, na wanaolala na neno hilo mpaka leo ni wengi kuliko tunavyojua.

Deni la pili ni lake, na hilo hajaligusa. Mdogo wake alitaka kufanya jambo la kiume hasa, kwenda kwa wazazi wa binti na kusema ni mimi. Baba yako alimzuia kwa ajili ya jina. Alimcheka kwa woga wake. Alimnyima mkono. Haya yote yangekuwa makosa hata kama meli ingefika Mwanza salama na kijana akaandika barua wiki iliyofuata. Angekuwepo, angeombwa radhi, au kwa tabia ya baba yako angenunuliwa viatu, na ndugu wangeendelea kuishi. Maji yaliondoa nafasi hiyo, naye akaamini kwamba kwa kuwa hakuna wa kumwomba radhi, hakuna tena cha kusema.

Kwa hiyo amelipa lile deni la kwanza ambalo si lake, na amelilipa kwa mali za watu. Amelipa kwa utulivu wa mama yako. Amelipa kwa ada ya mtihani wa kaka yako. Sasa anataka kumalizia na kibanja. Umeviona vile viatu mlangoni? Hiki kibanja ni viatu vile vile, vimekuwa vikubwa tu. Na mdogo wenu anaviogopa kwa sababu anahisi, bila kuambiwa, kwamba si vya mguu wake.

Nitasema jambo kuhusu mama yako, na hapa nilikasirika. Baba yako alipoulizwa, jibu la kweli lilikuwepo, na lingeweza kumrudishia mkewe usingizi usiku ule ule. Mtoto si wangu. Ni wa ndugu yangu, na nilimfukuza ndugu yangu ili watu wasijue. Alichagua mkewe amwone mzinzi kuliko amwone hivyo. Kijijini mwanaume anayesemwa ana mtoto nje anaendelea kuamkiwa. Watu wanacheka pembeni na maisha yanakwenda. Lakini Mwalimu aliyemfungia ndugu yake njia ya haki kwa ajili ya sifa, huyo angepoteza kile alichokuwa anakilinda. Alipiga hesabu hiyo, labda bila kujua kwamba anaipiga, na gharama yake amelala nayo mama yako kwenye kitanda cha watoto tangu mwaka 1997.

Na kaka yako. Sidai kuingia ndani ya moyo wa mtu. Ila jiulize mkono wa kushoto ulikuwa unamfanya nini baba yako, kila mlo, kwenye meza yake mwenyewe. Mtoto wa miaka minane ananyoosha mkono kupokea bakuli, na baba anarudi Kemondo. Badala ya kuupokea safari hii, akaupiga. Nakuomba sana usije ukamwambia kaka yako haya kama utetezi wa baba. Rula ilikuwa rula, vidole vilikuwa vyake, na mtu hadaiwi kusamehe kwa kuwa amepewa sababu. Siku akitaka kujua, atajua. Wengine hupumua kidogo wakigundua kwamba chuki waliyodhani ni yao haikuwa yao. Wengine hukasirika zaidi. Zote mbili ni haki yake.

Umeniuliza uanze na nani. Anza na baba, mwanangu, peke yake, na mapema.

Najua utasema ni mgonjwa. Muulize kwanza daktari anayemhudumia kama shinikizo la damu limetulia na kama mazungumzo mazito yanafaa sasa. Watu wengi baada ya kiharusi huwa wepesi wa kulia au kukasirika, na hilo si igizo, ni ubongo unaopona. Chagua asubuhi, akiwa amekunywa dawa na amekula. Mama asiwe sikioni. Piga magoti umwamkie kama mnavyoamkia kwenu, usiache heshima hata moja, kwa sababu mtu mwenye majivuno akivuliwa heshima hana kitu kingine cha kujifunika, ataokota fimbo.

Kisha sema kwa ufupi. Mimi ningesema hivi: "Baba, ulinituma kadi nikaliona daftari, nikalisoma. Nisamehe. Nimesoma ya Kemondo. Sijamwambia mtu. Nakupenda kama nilivyokupenda jana. Ila mama anaamini jambo lisilo kweli, na kabla wazee hawajakaa nataka alisikie kwako." Halafu nyamaza. Usimjazie ukimya. Usimwambie "haikuwa kosa lako" dakika hiyo hiyo. Ukiharakisha kumfariji atalikamata lile la kwanza na kulikimbia la pili. Hadithi ya meli na daraja la tatu iweke kiporo mpaka yeye mwenyewe aseme nilimuua. Akilisema, ndipo umjibu.

Anaweza kukufukuza chumbani. Ondoka kwa adabu, rudi jioni na chai yake kama kawaida. Mtu aliyeandika "sijakwenda" miaka ishirini na kitu mfululizo ni mtu anayetaka kwenda. Angetaka kusahau angelichoma daftari.

Ulimi wake ni mzito sasa, na hata ulipokuwa mwepesi haukujua njia hii. Lakini anajua kuandika. Mpe kalamu. Mwambie kama kusema ni shida amwandikie mama, ukurasa mmoja, hata mistari mitano, na mama asome yeye mwenyewe bila wewe kuwa katikati. Nimeona wazee wawili watatu walioshindwa kusema jambo la dakika moja kwa miaka mingi, wakaliandika kwa mwandiko mzuri kabisa usiku mmoja.

Akikataa kabisa je? Mpe muda unaoeleweka, wiki mbili, umwambie tarehe. Zikipita, mwambie mama jambo moja tu, lile lililo lake: kwamba umeona kwa maandishi ya baba kuwa mtoto ni wa marehemu. Ya Kemondo, mkono, tiketi, hayo ni ya baba, asipoyatoa yabaki kwake. Lakini hakuna heshima ya mzazi inayomtaka binti amwache mama yake alale na uongo huku yeye anaujua ukweli. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mama yako amenyimwa ndoa yake kwa kufichwa, na ana umri wa kutaka kujua alikuwa ameolewa na nani.

Jiandae, maana huenda asifurahi. Watu hudhani mke atashukuru akisikia mumewe hakuzini. Anaweza kusema: kwa hiyo nililala kule bure? Hiyo ni hasira halali, itakaa kwa muda. Anaweza pia asiamini, akataka vipimo. Kipimo cha vinasaba kinafanyika nchini, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ila maombi hupitia kwa wanaotambuliwa na sheria, kama ofisi ya ustawi wa jamii au mahakama. Sipendi muanzie huko. Mkipeleka mate ya watu maabara kabla maneno hayajatoka midomoni, mtapata karatasi na baba yenu atapata kisingizio cha kununa mpaka kaburini. Lakini mama akidai, msimzuie.

Mdogo wenu ana la kwake ambalo nadhani hakuna aliyewahi kumpa. Amelelewa kama malipo. Kila kalamu na kila ada ilikuja na macho ya watu na ukimya wa mwenye kulipa. Hajui kwamba baba yake mzazi alitaka kumkubali. Hilo limo kwenye daftari, na ndilo jambo zuri kuliko yote lililoandikwa mle. Alitaka kwenda kwa wazazi wa mama yake na kusema huyu ni wangu. Kijana wa miaka 29 ambaye maisha yake yote amesikia minong'ono anapaswa kulisikia hilo, tena kwa baba yenu ikiwezekana. Na huko kijiji cha jirani kuna mwanamke aliyebaki na ujauzito na msiba kwa pamoja, barua yako yote haikumtaja tena. Yuko hai? Mtoto wake anamtembelea? Ukipata nafasi, ulizia.

Kuhusu kibanja, hapo msilale. Kikao kiahirishwe. Sababu mnayo, mzee anaugua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume kuitoa nyumba ya familia, hata kwa zawadi, bila ridhaa ya mkewe, na kuinamisha kichwa si ridhaa. Na kama itageuka kuwa wosia wa kimila, ile sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963 inataka anayenyimwa urithi atajwe waziwazi, sababu zitolewe, naye apewe nafasi ya kujitetea. Kaka yako hawezi kurukwa kama shimo la barabarani. Tafuteni wakili, au watoa msaada wa kisheria waliopo wilayani, kabla wazee hawajamwaga rubisi, ile pombe ya ndizi. Mimi si mwanasheria na kila familia ina nyaraka zake.

Lakini nakuonya usiifanye sheria kuwa mlango wa kuingilia. Ukianza na kibanja, baba atasikia kwamba mnagombea mali, na atakuwa na haki ya kukasirika mbele ya ukoo mzima. Akishamwambia mama yako ukweli, nina imani kibanja chenyewe kitapungua uzito mkononi mwake. Anaweza hata kumgawia mdogo wenu sehemu kwa haki ya baba yake aliyekufa, kwani marehemu naye alikuwa mtoto wa boma lile na palikuwa na fungu lake. Hilo kaka yako hatalipinga, kama ninavyomsoma. Alichoshindwa kukivumilia ni kunyang'anywa bila kuambiwa kwa nini.

Igoma sasa. Wewe unaishi Mwanza, makaburi ya wale waliopatikana yako pale, na mnara wao. Mwili wa baba mdogo haukupatikana, au ulizikwa pale bila jina, hatutajua. Kwenu Wahaya mtu hulazwa kibanjani kwake, kati ya migomba, ambapo wajukuu wanapita kila siku. Yule kijana hana hata rundo la udongo, na kwa sababu hakuna kaburi hakuna aliyemtaja kwa sauti nyumbani kwa miaka 30. Mei mwaka huu miaka hiyo 30 inatimia. Nenda wewe kwanza, peke yako, kabla ya kuongea na baba. Tembea polepole, upige picha moja ya mahali palivyo, umpelekee. Usimwambie twende. Mwonyeshe tu kwamba pana nyasi, pana mti, pana mahali pa kukaa mtu mwenye mkongojo.

Baba yako hapandi meli, nina hakika hata hukuona haja ya kuniandikia. Barabara ya kutoka Muleba kupita Geita sasa haina tena foleni ya kivuko; daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na gari linavuka ziwa bila tairi kugusa maji. Ile njia ambayo mdogo wake aliiomba ipo, na ni nyepesi kuliko ilivyokuwa. Akitaka kwenda akiwa amefumba macho darajani, mshike mkono. Akitaka kurudi katikati, rudini.

Wa kumwendesha yupo Kahama. Simaanishi upange miujiza ya watu kukumbatiana makaburini. Kaka yako anaweza kukataa, na akikataa msimlaumu. Lakini mpigie leo. Usimwambie lolote la daftari kwenye simu, mtu hapaswi kusikia mambo kama haya akiwa na tani thelathini nyuma yake. Mwambie baba aliugua Januari, anaendelea vizuri, na kwamba kuna mazungumzo nyumbani ambayo wewe hutaki yafanyike bila yeye. Muulize kama mwezi wa tano anaweza kupata siku nne za ruhusa, na umwache akujibu kwa wakati wake.